Mgeni Aliyepewa Jiji: Maisha ya Adolph Sutro



Kuna swali ambalo hurudi mara nyingi katika vikundi vya mazungumzo: mtu aliyefika mikono mitupu katika nchi ya wengine, anahesabiwa mwenyeji lini? Wengine hujibu kwamba ni siku anapopata shamba. Wengine husema ni pale watoto wake wanapooa na kuolewa hapo. Na wako wanaoshikilia kwamba mgeni hubaki mgeni hata akizikwa hapo. Katika somo hili tumechagua maisha ya mtu mmoja, tuyapitie pamoja polepole, kwa kuwa ndani yake mna mambo ya kutia moyo na mambo ya kuhuzunisha, na yote mawili yanafaa kuzungumzwa mahali ambapo wenyeji na waliohama wanaishi kwenye avenyu moja.

Mtu huyo ni Adolph Sutro. Alizaliwa Ujerumani, akahamia Marekani akiwa kijana wa miaka 20, na mwishowe akawa meya wa jiji la San Francisco, kuanzia Januari 1895 hadi Januari 1897. Tunaomba mapema: msomaji asimchukue kama mtakatifu. Tungetaka kumfundisha mtu kwa mifano ya watakatifu, tungetafuta wengine.

Kuondoka nyumbani

Sutro alizaliwa tarehe 29 Aprili 1830 katika mji wa Aachen, karibu na mipaka ya Ubelgiji na Uholanzi. Wakati ule Ujerumani haikuwa bado nchi moja. Aachen ilikuwa chini ya mfalme wa Prussia. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi, nayo ilikuwa na kiwanda cha nguo za sufu. Watoto walikuwa wengi. Baba alifariki mwaka 1847, na Adolph, akiwa na miaka 17, akajikuta akibeba pamoja na ndugu yake mzigo wa kiwanda.

Mwaka uliofuata, 1848, machafuko yalienea katika miji mingi ya Ujerumani na ya Ulaya. Watu walidai katiba, bunge na uhuru wa magazeti. Wafalme waliahidi mengi, kisha mwaka 1849 wakatuma majeshi na kuyazima. Biashara zilianguka, na kiwanda cha familia ya Sutro kilikuwa kati ya zilizoanguka. Mwaka 1850 mama yao, Rosa, mjane, aliwachukua watoto wake akavuka bahari kwenda Marekani. Wakakaa katika mji wa Baltimore.

Hapa tunasimama kidogo. Waandishi wengi waliosimulia habari za Sutro wamempa mama huyo mistari michache tu, kisha wakaendelea na mwanawe. Mama wanaosoma jarida hili wanajua ni kazi gani kuamua kuondoka, kuuza kinachouzika, kuhesabu watoto kila wanaposhuka chomboni, na kuanza kupika katika nyumba ambayo si yako. Bila uamuzi wa Rosa hakuna meya wa kusimuliwa.

Adolph hakukaa Baltimore. Huko California dhahabu ilikuwa imeonekana mwaka 1848, na vijana wa dunia nzima walikuwa wakikimbilia huko. Alipitia Panama, akavuka ile nchi nyembamba iliyo kati ya bahari mbili kabla reli haijajengwa, kisha akapanda meli nyingine. Mwishoni mwa 1850 alifika San Francisco.

Wajerumani kama yeye walikuwa wengi mno. Katika miaka kumi, kati ya 1851 na 1860, karibu Wajerumani 950,000 waliingia Marekani. Na hawakupokelewa vizuri kila mahali. Kulikuwa na chama kilichojengwa juu ya hofu ya wageni; kilisema kwamba wahamiaji wanaharibu kura, wanaleta dini isiyotakiwa na wanachukua kazi. Tarehe 6 Agosti 1855, siku ya uchaguzi katika mji wa Louisville, Kentucky, makundi yenye silaha yalivamia mitaa ya Wajerumani na Waairlandi. Nyumba zilichomwa, na watu wasiopungua 22 waliuawa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1865, mji huohuo wa Louisville ulikuwa na meya aliyezaliwa Ujerumani, jina lake Philip Tomppert. Hatusemi kwamba miaka kumi inatosha kuponya mji. Katika miaka hiyo kumi kulikuwa na vita kubwa ya wenyewe kwa wenyewe, na waliopoteza watu wao siku ile hawakurudishiwa. Lakini ni ukweli kwamba mtu wa kabila lililochomewa nyumba alikaa kwenye kiti cha mji, na wajukuu wa pande zote mbili waliendelea kuishi hapo.

Kutoka tumbako hadi mashimo ya fedha

Sutro hakuchimba dhahabu. Aliwauzia wachimbaji. Alifungua maduka ya tumbako na sigara, akaoa mwaka 1856, akapata watoto. Angeweza kubaki hivyo, mfanyabiashara kama wengine. Lakini mwaka 1859 madini mengi ya fedha yalipatikana mashariki ya milima, katika sehemu iliyokuja kuitwa Nevada. Mahali penyewe paliitwa Comstock, na mji ulioota juu yake ukaitwa Virginia City. Mwaka 1860 Sutro alikwenda kuona, kisha akajenga huko kinu kidogo cha kusaga na kusafisha mawe ya madini.

Wasomaji wetu wa sehemu za machimbo wataelewa haraka kitu alichokiona. Mashimo yalishuka wima, na kadiri yalivyoshuka ndivyo maji yalivyozidi. Tena maji ya Comstock yalikuwa ya moto, yakitoka ndani ya ardhi yenyewe. Hewa ilikuwa nzito. Kampuni zilinunua mashine kubwa za kuvuta maji, zikala kuni na pesa, na bado maji yalishinda. Na mtu aliyekuwa chini alikuwa na njia moja tu ya kutoka, yaani ileile aliyoingilia, juu. Wale wa Kamituga wanakumbuka Septemba 2020, mvua ilipojaza mashimo kwa ghafla na makumi ya wachimbaji wakahofiwa kufa. Motopompi haitoshi pale ambapo maji yanakuja kwa nguvu kuliko inavyovuta.

Wazo la Sutro lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulifanya. Badala ya kuvuta maji kwenda juu, tuchimbe njia ya kulala, yaani tuneli, kutoka bondeni karibu na mto Carson, iende chini ya mlima mpaka ikutane na mashimo. Maji yatatoka yenyewe kwa mtelemko. Hewa itaingia. Mawe yatatolewa kwa reli bila kupandishwa. Na moto au mafuriko yakitokea, watu watakuwa na mlango wa pili. Urefu wake ulikuwa kilomita 6 na zaidi kidogo, ndani ya mwamba.

Alianza kwa karatasi, na hii tunaomba viongozi waitazame. Mwaka 1865 alipata ruhusa ya bunge la Nevada. Mwaka 1866 alipata sheria ya bunge la Marekani. Wenye mashimo walitia sahihi kwamba wangemlipa dola 2 kwa kila tani ya mawe ya madini, tuneli ikiisha. Kila kitu kiliandikwa. Halafu, mwaka 1867, mambo yakageuka. Benki kubwa ya San Francisco, Bank of California, ilikuwa inakopesha wenye mashimo na kumiliki vinu vingi vya kusaga mawe. Viongozi wake waliona kwamba tuneli ikikamilika, biashara itashuka bondeni, kwenye mdomo wa tuneli, mikononi mwa Sutro. Basi wakamgeuka. Wenye mashimo, ambao walikuwa na madeni kwa benki hiyo, nao wakajitoa. Magazeti yakamcheka, pamoja na kudhihaki asili yake. Alizunguka Washington na Ulaya akitafuta pesa, na milango ikawa imefungwa.

Tunaona jambo moja la kujadiliwa: waliompinga hawakusema kwamba tuneli ni mbaya. Walijua ni nzuri. Tatizo lilikuwa nani atashika ufunguo wake. Migogoro mingi ya mashamba, ya visima na ya masoko tunayoletewa ina sura hiyo. Mnapoitwa kupatanisha, msianze kwa kuuliza kama mradi unafaa. Ulizeni kwanza nani anaogopa kupoteza nini.

Moto na mchango

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1869 moto ulizuka ndani ya shimo liitwalo Yellow Jacket, huko Gold Hill, jirani na Virginia City. Moshi ulipita hadi mashimo mawili ya jirani. Wachimbaji wasiopungua 35 walikufa, wengi kwa moshi, wakiwa na njia ileile moja ya juu.

Miezi mitano baadaye, Septemba 1869, Sutro alisimama mbele ya wachimbaji katika ukumbi wa michezo wa Virginia City. Wasikilizaji wake walikuwa watu wa Ireland, wa Cornwall huko Uingereza, Wajerumani na wengine, wengi wao wahamiaji kama yeye. Aliwaambia kwamba benki inayozuia tuneli ndiyo inayowafunga chini ya ardhi. Aligawa pia michoro: upande mmoja watu wanaungua shimoni, upande mwingine watu wanatembea kwa miguu kutoka kwenye tuneli. Mtu asiyesoma aliielewa. Tumeona wahamasishaji wetu wakitumia njia hiyohiyo ya michoro, na tunajua nguvu yake. Tunajua pia kwamba inaweza kuwasha hasira kuliko inavyowasha akili.

Vyama vya wachimbaji vikaamua kuchangia dola 50,000. Mchimbaji wa Comstock alikuwa akilipwa dola 4 kwa siku. Hesabu wenyewe: ni mshahara wa siku 12,500 za kazi, uliotoka kwa watu wa mshahara. Haikuwa likelemba, ambapo kila mmoja anajua zamu yake ya kupokea itafika. Walitoa bila zamu. Tarehe 19 Oktoba 1869 kazi ya kuchimba ikaanza.

Tungependa kuishia hapo katika sehemu hii, kwa maana ni habari nzuri. Haiwezekani. Mwishoni mwa mwezi uleule wa Septemba 1869, mamia ya wachimbaji wa vyama hivyohivyo walitoka kwa maandamano, wakaenda mahali ambapo Wachina walikuwa wakijenga njia ya reli kuelekea Virginia City, wakawafukuza kazini. Msimamizi wa benki, ili kupata amani, alikubali kwamba Wachina hawatatumiwa ndani ya Virginia City na Gold Hill. Kwa hiyo wahamiaji walioshikana mikono kuokoa maisha yao waliwafukuza wahamiaji wengine katika majuma yaleyale. Naye Sutro, katika siasa zake, alikuwa upande wa wale waliopinga kuja kwa Wachina.

Sheria nayo ilikuwa na milango miwili. Tangu 1790 sheria ya uraia ya Marekani iliruhusu mgeni kuwa raia kama ni mtu huru mweupe. Mwaka 1870 iliongezwa kwa watu wenye asili ya Afrika. Wachina walibaki nje. Mwaka 1882 hata kuingia kwa vibarua wao kulikatazwa, na katazo hilo lilikaa hadi 1943. Sutro angeweza kuwa raia, kupiga kura na kupigiwa kura. Mchina aliyefika San Francisco mwaka uleule wa 1850, akafanya kazi kwa bidii ileile, asingeweza. Tunaposikia watu wakisema kwamba huyu amefanikiwa kwa juhudi zake, na tuulize pia mlango ulikuwa wazi kwa nani.

Tuneli inaisha

Kazi ilichukua miaka karibu tisa. Pesa kubwa ilipatikana kwa wenye benki wa London. Ndani kulikuwa na joto kali mno, maji ya moto na miamba inayovimba. Tarehe 8 Julai 1878 walitoboa hadi kwenye shimo la Savage, na Sutro mwenyewe akapenya kwenye tundu hilo.

Lakini fedha ya Comstock ilikuwa imeanza kwisha. Tuneli ilitoa maji kweli, mamilioni ya lita kwa siku, na ikaendelea kuyatoa miaka mingi, ila mapato ya dola 2 kwa tani hayakufika kama ilivyotarajiwa. Sutro alifahamu. Muda mfupi baadaye aliuza hisa zake, akarudi San Francisco akiwa tajiri. Waliobaki na hisa waliona bei yake ikishuka, na mwaka 1889 kampuni ilikuwa imezama katika madeni. Wako wanaosema alikuwa mwerevu tu. Sisi tunafikiri kwamba mtu anayechangisha pesa za wafanyakazi kwa hotuba ana deni la kuwaeleza anapoondoka, hata kama sheria haimdai.

Bustani, bahari na senti tano

Huko San Francisco alinunua ardhi, hasa michanga ya upande wa bahari ambayo wengi waliiona haina faida. Inasemekana wakati fulani alikuwa na sehemu moja kati ya kumi na mbili za ardhi yote ya jiji. Alipanda miti kwa wingi juu ya vilima. Juu ya mwamba wa pwani alijenga nyumba yake na bustani kubwa iitwayo Sutro Heights, na kuanzia 1885 akaifungulia umma. Familia za vibarua ziliingia Jumapili kutembea kati ya maua ya tajiri.

Shida ilikuwa kufika huko. Njia za reli zilikuwa zimeshikwa na kampuni kubwa, Southern Pacific, ambayo magazeti yaliiita pweza, yaani yule mnyama wa baharini mwenye mikono minane, kwa sababu ilishika reli, bandari, ardhi na wanasiasa. Nauli ya kufika pwani ilikuwa senti 10. Inaonekana kidogo, lakini familia ya watu sita kwenda na kurudi ingelipa dola 1 na senti 20. Sutro alitaka iwe senti 5. Kampuni ikakataa. Akabishana nayo hadharani, mwishowe akajenga njia yake mwenyewe ya tramu ya umeme, iliyoanza mwaka 1896 kwa nauli ya senti 5.

Ugomvi huo wa nauli ndio uliompeleka kwenye umeya. Mwaka 1894 Chama cha Wananchi, kilichoanzishwa miaka miwili kabla na wakulima na wafanyakazi waliochoshwa na nguvu za reli na benki, kilimsimamisha. Alikuwa na miaka 64, tajiri, Myahudi, mzaliwa wa Ujerumani. Akashinda kwa kura nyingi. Watu hawakumuuliza alizaliwa wapi. Walimuuliza kama pweza anaweza kumnunua, nao walijua kwamba hawezi.

Meya asiye na mikono

Hapa viongozi wanaosoma nasi waketi karibu. Sutro meya alishindwa, na yeye mwenyewe hakuficha kwamba kazi ile haikumpendeza.

Sababu ya kwanza ilikuwa sheria. Jiji liliongozwa kwa sheria ya mwaka 1856 iliyomnyima meya nguvu. Baraza la wajumbe 12 liliamua mikataba, kodi na kazi, na wengi wa wajumbe hao hawakumfuata. Aliweka kura ya kupinga, wakaipita. Sababu ya pili ilikuwa tabia yake. Kwa miaka 30 alikuwa ametoa amri na watu wakatii, tunelini na kwenye bustani. Hakuwahi kujifunza kukaa na mtu anayempinga mpaka wapate nusu ya kila upande. Alijua kumpiga adui, na baraza haliongozwi hivyo. Miaka miwili ikapita. Aliyemfuata, James Phelan, aliweka nguvu kwenye kubadili sheria yenyewe, na mwaka 1898 wapiga kura walikubali katiba mpya ya jiji iliyompa meya madaraka zaidi, ikaanza kutumika mwaka 1900.

Mara nyingi katika kambi na katika vijiji vya marejeo tumeona mtu shujaa, aliyewavusha watu wakati wa hatari, akichaguliwa rais wa kamati, kisha kamati ikafa mikononi mwake. Watu husema amebadilika. Pengine hakubadilika kabisa, na hiyo ndiyo shida.

Mlango wa bwawa

Tarehe 14 Machi 1896, akiwa bado meya, Sutro alifungua mabwawa yake ya kuogelea kando ya bahari, chini ya paa kubwa la vioo: mabwawa saba, sita ya maji ya chumvi na moja la maji matamu, pamoja na nafasi ya watu wapatao 10,000. Ulikuwa mradi wake wa fahari, na bei iliwekwa ili watu wa kawaida waweze kuingia.

Tarehe 4 Julai 1897, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mtu mweusi aitwaye John Harris alikwenda huko na marafiki zake. Walilipa. Rafiki zake weupe waliruhusiwa kuogelea. Yeye akazuiwa kuingia majini. Alirudi siku nyingine, akazuiwa tena. Mwaka huohuo California ilikuwa imepitisha sheria iliyokataza kubagua watu katika mahali pa umma. Harris akaenda mahakamani kumshtaki Sutro. Watetezi wa Sutro walisema kwamba weupe wataacha kuja na mradi utaanguka. Mahakama haikukubali. Ilimpa Harris haki, na alipwe dola 100.

Dola 100 kwa tajiri yule hazikuwa kitu. Ila ilithibitishwa kwa maandishi kwamba mwenye mali hawezi kuchagua rangi ya waogaji. Na ilithibitishwa dhidi ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amedhihakiwa kwa asili yake, aliyejenga tramu ili maskini wafike baharini. Tumeisoma habari hii mara kadhaa katika vikundi, na kila mara wasikilizaji hugawanyika. Wengine husema ni wanawe na wasimamizi waliofanya hivyo, kwani mzee alikuwa ameanza kuishiwa nguvu na akili. Mwaka 1898 mahakama ilimpa binti yake Emma, aliyekuwa daktari, kazi ya kusimamia mali yake. Wengine hujibu kwamba nyumba ni ya mwenye nyumba.

Sutro alifariki tarehe 8 Agosti 1898. Alikuwa ametoa ardhi kwa ajili ya vyuo vya utabibu, na mpaka leo chuo kikuu cha tiba na hospitali yake vipo mahali hapo. Alikuwa pia amekusanya vitabu zaidi ya 200,000, vingine vya monasteri za Ujerumani, vingine vya Meksiko, akitaka maktaba ya umma. Tetemeko na moto wa mwaka 1906 viliteketeza zaidi ya nusu. Vilivyobaki familia iliipa serikali ya California mwaka 1913, na maktaba ikafunguliwa mwaka 1917. Mabwawa yenyewe yaliungua mwaka 1966. Kando ya bahari yamebaki magofu tu.

Kwa wanaoongoza somo hili

Msilisome lote kwa kikao kimoja. Someni kwanza hadi kwenye mchango wa wachimbaji, muache watu wafurahi, kisha someni habari ya Wachina na mnyamaze kidogo. Waliohama waulizwe: tulipopata nafasi hapa, ni nani aliyefika baada yetu, na tulimwambia nini? Wenyeji waulizwe: ni kazi gani katika mtaa wetu mgeni anaruhusiwa kufanya, na ni ipi tunamzuia bila sheria yoyote? Mama na baba wajibu kwanza tofauti, kisha pamoja, kwani tumeona majibu hayalingani.

Habari ya bwawa iwekwe siku nyingine. Gaweni kikundi mara mbili, upande mmoja wamtetee Harris, upande mwingine wamtetee mwenye bwawa, kisha mbadilishane. Kama kuna mzee wa baraza au mwami wa sehemu yenu, mwombeni aketi kama hakimu, na aeleze ni sheria gani ya hapa, ya nchi au ya mila, angeitumia kumpa Harris haki. Andikeni jibu lake kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe.